Njia ya Minyoo: Friedrich Fülleborn, Kutoka Nyanda za Juu Kusini hadi Hamburg

Katika nyasi za nyanda za Njombe kuna ndege wa ardhini mwenye koo la manjano na ukanda mweusi kifuani. Tangu mwaka 1900 vitabu vya sayansi vinamwita Macronyx fuelleborni. Katika misitu ya milimani yuko ndege mwingine mweusi, Laniarius fuelleborni. Upande wa Poroto yuko kinyonga mwenye pembe tatu, Trioceros fuelleborni, na katika Ziwa Nyasa anaogelea samaki wa miambani, Labeotropheus fuelleborni. Wote wanne wamebeba jina la mtu mmoja, Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyezipita nchi hizi zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Wataalamu wa ndege wanamjua kwa ndege, na wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya wanamjua kwa samaki. Lakini kazi iliyomchukua maisha yake yote baada ya kuondoka Afrika ilikuwa minyoo: inaingiaje mwilini, inapita wapi, na kwa nini wengine hawaponi hata wakikaa miaka mingi mbali na mahali walipoambukizwa. Majibu aliyoyapata yanamhusu mkulima wa Wanging'ombe, mkoani Njombe, anayeingia shambani bila viatu, na yanamhusu fundi wa maabara anayeweka kinyesi chini ya hadubini leo hii. Kwa hiyo historia yake ni sehemu ya historia yetu, pamoja na yale yanayouma ndani yake.

Nchi iliyotoka vitani

Fülleborn alizaliwa mwaka 1866 katika mji wa Kulm, Prussia Magharibi, ambao leo uko Poland na unaitwa Chełmno. Alisomea utabibu na elimu ya viumbe mjini Berlin. Mwaka 1896, akiwa na miaka 30, aliingia Afrika Mashariki ya Wajerumani kama daktari wa Schutztruppe, jeshi la ukoloni lililokuwa na maofisa Wajerumani na askari Waafrika.

Sehemu za kusini alizozifikia hazikuwa na utulivu. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikuwa wamekiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894, na kwa miaka minne iliyofuata wakamwinda Mtwa Mkwawa porini. Alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu lililorudishwa Kalenga kutoka Ujerumani mwaka 1954 ndilo linalotunzwa huko hadi sasa.

Ubena, ambako Wanging'ombe ya leo ipo, ilikuwa katikati ya misukosuko hiyo. Kaskazini walikuwa Wahehe, magharibi Wasangu wa Merere, kusini Wangoni, na kila mmoja kwa wakati wake alikuwa amevamia vijiji vya Wabena na kuchukua watu na ng'ombe. Juu ya vita kulikuwa na sotoka, iliyofyeka mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Nyuma ya askari walifuata wamisionari wa Berlin waliotokea upande wa Ziwa Nyasa. Vituo vyao vya Kidugala na Yakobi vikawa majina makubwa katika historia ya Ubena, na mwaka 1905 Yakobi ilishambuliwa katika vita vya Majimaji.

Ndivyo hali ilivyokuwa daktari huyu alipofika. Daktari wa jeshi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwatibu maofisa na askari: homa, kuhara, majeraha, na vidonda vya miguu vilivyoweza kumwangusha askari hata kabla ya kuonana na adui. Ya pili haikuandikwa katika amri za jeshi, ila ilitarajiwa kwa kila msomi aliyetumwa makoloni: kukusanya. Majumba ya makumbusho ya Berlin yalitaka ndege, nyoka, samaki, wadudu, mimea, mikuki, vyungu, na hata mifupa ya watu.

Funza wa miguuni ni mfano mzuri wa maradhi ya wakati huo. Kiroboto huyo alitoka Amerika, akaingia pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli, na katika muda usiofika miaka 30 akawa amelikata bara zima hadi Zanzibar, akisafiri kwenye miguu ya wapagazi na askari. Watu walipoteza vidole kabla hawajajifunza kumtoa kwa sindano. Mdudu aingiaye kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu lilikuwa jambo ambalo kila aliyetembea na misafara ya miaka ile aliliona kwa macho yake. Miaka michache baadaye, ngozi ya mguu ndiyo ikawa kiini cha utafiti wa Fülleborn.

Ziwa, milima na vipimo vya miili

Kati ya 1898 na 1900 alishiriki katika msafara mkubwa wa kisayansi wa Ziwa Nyasa na milima ya Ukinga, uliogharimiwa na wakfu wa Wentzel-Heckmann wa Berlin. Kituo kikuu cha Wajerumani upande huo kilikuwa Langenburg, kando ya ziwa. Mwenzake katika msafara alikuwa Walter Goetze, mtaalamu wa mimea, aliyetembea Uhehe na Ukinga akikusanya majani na maua. Goetze alifariki Langenburg mnamo Desemba 1899, akiwa na miaka 27 tu.

Fülleborn alirudi Ujerumani akiwa hai, na mizigo mingi. Ndege walimfikia Anton Reichenow, vinyonga na nyoka wakaenda kwa Gustav Tornier, na majina mapya yakaanza kutangazwa mwaka uleule wa 1900. Baadhi ya vielelezo vilikaa kwenye chupa miaka mingi: samaki yule wa miambani alipewa jina na Ernst Ahl mwaka 1926, zaidi ya robo karne tangu atolewe ziwani.

Mwaka 1902 kikatoka kitabu chake kuhusu miili ya watu wa kaskazini mwa Nyasa, na mwaka 1906 kingine kikubwa zaidi kuhusu nchi ya Nyasa na Ruvuma na wakazi wake. Hicho cha pili, kwa picha zake na maelezo yake ya nyumba, silaha, nywele, ngoma na mazishi, bado kinasomwa na wanahistoria wa Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa na Wangoni. Mengi yaliyomo hayakuandikwa kwingine kabla Majimaji na njaa iliyofuata kuvuruga nchi.

Lakini kitabu cha 1902 ni cha aina nyingine. Kimejaa vipimo: urefu wa mtu, upana wa pua, mzingo wa kichwa, na picha za watu waliosimamishwa kutoka mbele na kutoka ubavuni. Wakati ule wasomi wa Ulaya waliamini kwamba wanadamu wanaweza kupangwa kwa matabaka kwa kutumia rula na bikari. Aliyepimwa alikuwa mtu wa nchi iliyoshindwa vitani, na aliyempima alikuwa amevaa sare ya jeshi lililomshinda. Hapakuwa na nafasi ya kukataa. Sayansi hiyo ya kupanga watu kwa mafuvu imekwisha kutupwa, na leo makumbusho ya Ujerumani yanaulizwa na Watanzania kuhusu mabaki ya mababu yaliyopelekwa Berlin enzi hizo. Hakuna namna ya kusimulia maisha ya Fülleborn kwa haki huku tukiuruka ukurasa huu.

Hamburg, mji uliotishwa na kipindupindu

Mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 mjini Hamburg ndani ya miezi michache. Bandari iliyopokea meli kutoka pande zote za dunia ikatambua kwamba inapokea pia maradhi. Daktari wa bandari, Bernhard Nocht, alipewa jukumu la kuanzisha chuo cha maradhi ya mabaharia na ya nchi za joto, nacho kilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1900. Fülleborn alijiunga nacho mwaka uliofuata, na hakukiacha mpaka kufa.

Hakuwa peke yake aliyetokea huku. Gustav Giemsa, mwanakemia wa chuo hicho, alikuwa amesimamia duka la dawa la serikali mjini Dar es Salaam kati ya 1895 na 1898. Mwaka 1904 alitangaza rangi ya kutia kwenye damu ili vimelea vya malaria vionekane. Rangi hiyo inaitwa Giemsa mpaka leo, na hakuna hospitali ya wilaya Tanzania isiyoijua. Kwa hiyo wakati chuo cha Hamburg kilipokuwa bado kichanga, wawili kati ya watafiti wake walikuwa wamejifunza maradhi ya nchi za joto Tanganyika, mmoja pwani na mwingine nyanda za juu.

Kuanzia 1908 Fülleborn aliongoza mwaka wa kwanza wa msafara wa Hamburg kwenda visiwa vya Bahari ya Kusini, kwa meli iliyoitwa Peiho. Alirudi 1909, na tangu hapo kazi yake kubwa ikawa maabara.

Swali la Looss

Ili kuuelewa mchango wake, inabidi kwanza twende Kairo. Huko aliishi Mjerumani mwingine, Arthur Looss, aliyechunguza minyoo ya safura. Minyoo hii hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu; mgonjwa huishiwa nguvu, akapauka viganja na macho, na mtoto hudumaa. Wataalamu waliamini kwamba mtu huipata kwa kula au kunywa kitu kichafu. Siku moja Looss alimwagikiwa mkononi na maji yenye lava, yaani watoto wa minyoo walioanguliwa. Ngozi ikawasha na kuwa nyekundu. Wiki kadhaa baadaye alikuta mayai ya minyoo katika choo chake mwenyewe, wala hakuwa amekula chochote cha kutilia shaka. Mwaka 1898 alitangaza kwamba lava huingia kwa kutoboa ngozi. Wengi walimcheka. Ili kuwathibitishia, aliweka lava juu ya mguu wa kijana wa Kimisri uliokuwa ukatwe na daktari wa upasuaji, kisha akaikata ngozi ya mguu ule vipande vyembamba na kuwaonyesha lava ndani yake. Ushahidi ulipatikana, tena kwa mara nyingine kutoka kwenye mwili wa Mwafrika asiyetajwa jina.

Looss alisema lava wakishaingia ngozini hupanda mishipa ya damu, hufika upande wa kulia wa moyo, husukumwa mapafuni, hutoboa vifuko vya hewa, hupanda koromeo hadi kooni, humezwa pamoja na mate, ndipo hufika utumboni na kukomaa. Ilikuwa safari ndefu mno kwa kiumbe kisichoonekana kwa macho. Je, ni kweli wote hupita njia hiyo? Au wapo wanaokata njia ya mkato?

Hapo ndipo Fülleborn aliposhika kazi. Alimchagua mnyoo mdogo zaidi, Strongyloides stercoralis, ambaye huishi katika utumbo wa binadamu na ambaye mbwa pia humpata. Akaunda jaribio la kumkomesha mbishi yeyote. Mbwa walipasuliwa shingoni na umio ukageuzwa utokee nje, hata chochote kilichomezwa kidondokee nje badala ya kufika tumboni. Kisha lava wakawekwa ngozini. Kama njia ya Looss ndiyo pekee, lava wote wangetokea shingoni na utumbo ungebaki safi.

Lava wengi walitokea shingoni kweli, kwa hiyo Looss alikuwa sahihi. Lakini wachache walikutwa utumboni. Hao walikuwa wamepenya mapafuni bila kutoka, wakaingia katika mzunguko mkuu wa damu unaolisha mwili wote, na kufika utumboni kwa njia ya damu. Matokeo ya majaribio haya, aliyoyaanza pamoja na mwenzake Schilling-Torgau mwaka 1911, yalikamilishwa katika andiko la 1914. Hukumu yake ilikuwa ya mtu asiyependa kutia chumvi: njia ya mapafu ni barabara kuu, lakini vipo vichochoro.

Kuna faida gani kujua hayo? Mgonjwa anayekohoa na kubanwa kifua baada ya kulima shamba lenye kinyesi huenda hana kifua kikuu wala baridi. Huenda lava wanapita mapafuni mwake. Zaidi ya hapo, ikishajulikana kwamba mlango ni ngozi ya mguu, kinga inajulikana pia: kiatu na choo. Mwaka 1909 John D. Rockefeller alitoa dola 1,000,000 kupambana na safura kusini mwa Marekani, na msingi wa kampeni ile ulikuwa ugunduzi wa Looss. Watafiti kama Fülleborn ndio waliouondolea shaka.

Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 Ujerumani ilipoteza makoloni yake, na Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza. Chuo cha Hamburg kikabaki na maradhi ya nchi za joto bila nchi za joto. Fülleborn aliendelea na mbwa, panya na hadubini. Mwingereza F. H. Stewart alikuwa ameonyesha mwaka 1916 kwamba lava wa minyoo mikubwa ya tumbo, ile ambayo watu wengi huiita chango, nao hupita mapafuni kabla ya kurudi utumboni. Fülleborn aliifuata njia hiyo katika andiko la 1921, akiuliza pia kama lava wanaweza kumfikia mtoto akiwa tumboni mwa mama. Mwaka 1922 Mjapani Shimesu Koino alimeza mayai 2,000 ya minyoo hiyo, akaugua mapafu, na akawakuta lava katika makohozi yake mwenyewe. Ndivyo walivyokuwa wanasayansi wa kizazi kile.

Chumvi ya jikoni

Ugunduzi wake unaotumika zaidi ni mdogo kuliko yote. Mtu mwenye minyoo michache hutoa mayai machache, na fundi anaweza kutazama tone la kinyesi chini ya hadubini asione kitu, akamwambia mgonjwa ni mzima. Mwaka 1920 Fülleborn alichapisha njia ya kuyakusanya mayai: koroga kinyesi katika maji yaliyotiwa chumvi ya kupikia mpaka chumvi ikatae kuyeyuka zaidi. Maji hayo ni mazito kuliko mayai, kwa hiyo uchafu mwingi huzama na mayai huelea juu. Baada ya dakika chache unayachukua juu ya kioo na kuyatazama. Mwaka uliofuata, Willis wa Australia alitangaza njia inayofanana nayo sana, na vitabu vingi huyataja majina yote mawili pamoja.

Uzuri wa njia hii ni bei yake. Haitaki mashine, umeme wala kemikali ya kuagiza ng'ambo. Wanafunzi wa tiba ya mifugo hujifunza kuelesha mayai kwa namna hii katika masomo ya mwanzo kabisa, na mabwana mifugo hupima mbuzi na kondoo kwa njia zilizotokana nayo. Hata hivyo ina mpaka wake. Mayai ya kichocho ni mazito na huzama, na ya tegu hayaaminiki kuelea katika maji ya chumvi. Anayetafuta tegu kwa chumvi pekee atatangaza uzima pasipo na uzima, na mkoa wa Njombe una sababu ya kulikumbuka hilo.

Mnyoo asiyezeeka

Mwaka 1926 Fülleborn alirudi kwa Strongyloides akiwa na fumbo jingine. Minyoo mingi ya tumbo hufa kwa uzee: ukihama mahali pa maambukizi na usipate mipya, baada ya miaka michache huisha. Huyu haishi hivyo. Baadhi ya wagonjwa walikuwa nao miaka mingi baada ya kuondoka nchi za joto, na ngozi zao ziliota mistari iliyovimba na kuwasha, ikisogea kama kitu kinachotembea chini yake.

Alichukua lava waliotoka kwa wagonjwa hao na kuwarudisha kwenye ngozi zao wenyewe. Vivimbe vilevile vikaota. Akahitimisha kwamba mtu huyu hujiambukiza mwenyewe: kabla lava hawajatoka mwilini, baadhi yao hukomaa vya kutosha kutoboa ngozi ya njia ya haja, na safari huanza upya bila kugusa udongo. Kizazi hufuata kizazi ndani ya mtu mmoja.

Uzito wa hoja hiyo ulionekana baada ya kifo chake. Wanajeshi waliokuwa mateka wa Japani, wakijenga reli ya Burma wakati wa vita vya pili vya dunia, walikutwa na mnyoo huyu zaidi ya miaka 40 baadaye. Hatari kubwa zaidi ni dawa za kundi la steroidi, ambazo hupunguza kinga ya mwili. Mgonjwa wa pumu au wa baridi yabisi anayepewa dawa hizi huku ana mnyoo huyu kimyakimya anaweza kushambuliwa na lava wanaoongezeka kwa maelfu na kuvamia viungo vyote, na wengi hufa. Wakati wa korona, wagonjwa mahututi walipoanza kupewa deksamethasoni, wataalamu walikumbusha hatari hiyohiyo. Daktari wa leo anayeuliza, kabla ya kuandika steroidi, kama mgonjwa amewahi kulima pekupeku, anaufuata utafiti wa 1926.

Mwaka 1930 Nocht alistaafu, na Fülleborn akawa mkurugenzi wa chuo. Alikiongoza miaka mitatu tu. Alifariki Hamburg mnamo Septemba 1933, akikaribia umri wa miaka 67.

Aliyekuja nyuma yake na nyoka

Mwaka uleule wa 1930, nyanda zetu zilikuwa na mkusanyaji mwingine. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kuwa msaidizi wa bwana nyama wa Tanganyika huko Kilosa, alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1924. Kati ya 1929 na 1930 alizunguka Uzungwa, Njombe, Ukinga na Rungwe akitafuta nyoka, vyura na vinyonga. Kutoka Uzungwa alimwandika nyoka mdogo mwenye sumu wa jamii ya vipiri, Atheris barbouri, ambaye tofauti na jamaa zake hula nyungunyungu. Kutoka Uzungwa pia alimwandika kinyonga mwenye miiba ubavuni, na kutoka Ukinga kinyonga asiye na pembe.

Loveridge hakuishia kwenye meno ya sumu. Kila mnyama aliyepasuliwa alikaguliwa matumbo, minyoo ikatiwa chupani na kupelekwa kwa wataalamu. Ndiyo maana maandiko yake, chini ya kila aina ya mnyama, mara nyingi yana kifungu cha vimelea pamoja na cha chakula na maadui. Nyoka anayeogopwa naye ana wanaomla kwa ndani. Alistaafu 1957, akahamia kisiwa cha Saint Helena, na akafia huko mwaka 1980. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, orodha ambayo safura, chango, kichocho na tegu wa nguruwe vimo pia. Waathirika wa yote hayo ni walewale: mkulima na mchungaji wa kijijini.

Kilichorudi

Elimu iliyoondoka hapa ndani ya masanduku ilirudi kwa mwendo wa konokono. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kusoma, ikawafikia watu wazima wapatao 2,000,000 kote nchini. Waliosikiliza vipindi walikwenda wakachimba vyoo. Miaka ya karibuni kampeni ya Nyumba ni Choo imelirudia somo, na watoto wa shule hupewa dawa za minyoo kwa mpango wa taifa. Wanging'ombe kwenyewe, mradi mkubwa wa maji ya mserereko uliosaidiwa na UNICEF uliyashusha maji kutoka milimani hadi vijijini, na maji safi ni nusu ya dawa ya tumbo.

Utafiti nao umehamia mikononi mwa wenyeji. Tatizo la leo katika mkoa wa Njombe, ambako nguruwe hufugwa karibu kila kijiji na kitimoto huuzwa mpaka usiku mjini Makambako, ni tegu wa nguruwe. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha mtu mwenye tegu na kupata malengelenge nyamani. Mtu anayekula nyama hiyo isiyoiva hupata tegu. Na yeyote anayemeza mayai ya tegu, kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, anaweza kuota malengelenge ubongoni na kupata kifafa, hata kama hajawahi kuonja nguruwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Boa na wenzake waliwachunguza nguruwe wa nyanda za juu kusini, Ludewa ikiwemo. Helena Ngowi na wenzake walifanya jaribio Mbulu, lililochapishwa 2008, la kupima kama elimu kwa wafugaji inapunguza maambukizi ya nguruwe. Swali lao ni lilelile la Fülleborn: kimelea kinapita njia gani? Tofauti ni kwamba wao wanamuuliza mfugaji, wanamweleza, na wanarudi kwake na jibu.

Fülleborn alikuwa mwanasayansi mkubwa na mtumishi wa dola iliyowatawala mababu zetu kwa bunduki. Mambo hayo mawili hayafutani. Vipimo vyake vya miili vimekufa na vilistahili kufa. Njia zake za minyoo zimesimama kwa sababu mtu yeyote, Hamburg au kule Ilembula, Wanging'ombe, anaweza kuzijaribu akapata jibu lilelile. Walimu wa sayansi na wa historia wa Njombe wangefanya vizuri kumfundisha kwa pande zote mbili, na kuwaambia wanafunzi kwamba wapagazi na wawindaji waliomkamatia wale ndege na vinyonga hawakuandikwa. Na kwa kila mwenye shamba anayesoma haya: mlango wa mnyoo unajulikana tangu 1898. Chimba choo, funika, nawa mikono, vaa viatu shambani, mfungie nguruwe bandani, na nyama yake usiile mpaka iive kabisa.